Jina Juu ya Sarafu

Tangu utotoni Mwantum aliamini kwamba mtu mbaya huingia kwa kupiga mlango teke. Ndiyo maana hakushtuka hata kidogo asubuhi ile wanaume wawili walipovua kandambili mlangoni pa studio yake ya picha, pale Area D, Dodoma, wakaingia pekupeku kama watu wanaoingia msikitini.

"Mbukwenyi," alisalimu wa mbele, pande la mtu, shati limefungwa vifungo hadi kooni. "Mimi naitwa Obedi, natokea Zuzu. Mwenzangu huyu ni Uwesu."

"Karibuni sana. Ni pasipoti saizi, au mnapiga ya undugu?"

"Tumefuata mzigo."

Neno hilo Mwantum alikuwa amelisikia wiki nzima kwenye simu. Watu asiowajua walimpigia: dada, mzigo bado upo? Naye, akidhani wanaulizia fremu za picha alizozitangaza, aliwajibu kwa furaha zote: upo wa kutosha, njooni, mkija wengi nawapunguzia.

Obedi akamsogezea simu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ambayo Mwantum angeitambua hata usingizini: sarafu nne za shaba, kuukuu, zimelala kwenye ungo, mwanga unazipiga kwa ubavu hivi kwamba maandishi yake yaliyolika yanaonekana kama mishipa ya mkono. Juu ya sarafu, kutoka kona hadi kona, kwa herufi nyeupe zisizo na haya: HAKI MILIKI, MWANTUM PICHA, AREA D, na namba yake ya simu. Na chini, mtu mwingine alikuwa ameongeza ya kwake: RUPIA ZA MJERUMANI. HALISI. ZINAVUTA WEMBE. OFISI IPO DODOMA.

Hadithi za mali ya Mjerumani nani asiyezijua? Eti alipokimbia vita alizika sanduku hapa, sanduku pale, na rupia zake zina nguvu, ukiziwekea wembe unavutwa kama kwa sumaku. Mnunuzi wake ni tajiri ambaye hakuna aliyewahi kumwona, ila kila mtu ana shemeji anayemfahamu. Kwa ajili ya hadithi hizo watu wamefukua vilima, wamefukua makaburi, na wengine wamefukuana wao kwa wao.

"Tulimlipa mtu," Obedi akasema taratibu. "Chama kizima tulichanga. Wengine wameuza ng'ombe. Yule mtu hakuja, na simu yake haipatikani. Namba iliyobaki hewani ni hii yako."

"Kaka zangu, mmetapeliwa. Huyo aliichukua picha kwenye ukurasa wangu. Nendeni polisi."

"Tukaseme tulikuwa tunanunua nini?" aliuliza Uwesu. Lilikuwa neno lake la kwanza, na hakulisema kwa hasira. Alikuwa anaikagua studio kwa macho, kona baada ya kona.

"Hela hatuzidai," Obedi akaendelea. "Hela zimekwenda, zimekwenda. Tunataka rupia. Sasa dada, swali ni dogo tu. Picha hii ni yako?"

Swali lilikuwa dogo kweli, ila lilikuwa na meno pande zote mbili. Akisema ni yake, litafuata la pili: basi sarafu ziko wapi? Na sarafu zilikuwa juu ya kilima huko Haubi, Kondoa, kwenye kibuyu chini ya kitanda cha bibi yake, Bi Joha, ajuza anayekaa peke yake na mbuzi watano na mlango unaofungwa kwa kamba. Mwantum aliwawaza wanaume hawa wakivua kandambili mlangoni pa bibi.

"Si yangu," akasema.

"Jina lako hili."

"Wameliiba. Jina si mbuzi kwamba ukiliiba litalia."

Obedi alitabasamu kidogo. Uwesu hakutabasamu. Alichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akazipita sarafu zote akaenda pembeni kabisa, kwenye ukingo wa ungo, pale ulipoviringishwa uzi mwekundu na mweusi ukapishana kama mgongo wa nyoka.

"Mshono huu naujua," alisema. "Kuna akina mama wachache wanaoshona hivi, wote wa upande wetu. Haubi."

Obedi akasimama, akampa Mwantum mkono kwa heshima zote.

"Asante dada. Kama picha si yako, basi sisi na wewe hatuna neno. Tutamtafuta mwenye ungo."

Walivaa kandambili zao, wakaondoka. Mwantum akabaki amesimama, mkono wa kulia bado umenyooka mbele yake kama wa sanamu. Alikuwa amemficha bibi yake kwa uongo, na uongo wenyewe ndio ulioelekeza njia.

Alipiga simu ya Bi Joha. Haipatikani. Bila shaka ipo dukani inachajiwa, na ikishachajiwa Bi Joha huiacha hukohuko ikae na wenzake. Akapiga kwa Emilia, mwalimu wa mambo ya kale chuoni, ambaye Mwantum ndiye aliyempiga picha za harusi. Emilia alikwisha kuiona picha ya sarafu mwanzoni kabisa, na tangu siku ile amekuwa akimbembeleza Mwantum amfikishe zilipo. Kwa jinsi alivyozisoma pichani, zilikuwa sarafu za pwani, za masultani wa kale wa Kilwa, miaka mia kadhaa kabla Mjerumani hajajua kama huku kuna nchi. Mama mkwe wa Bi Joha ndiye aliyezifukua akipalilia uwele.

"Yaani umeikana picha yako?" Emilia aliuliza.

"Ningefanyaje?"

"Mwantum, picha hiyo ndiyo shahidi pekee tuliye naye. Ina ungo, ina mkono wa bibi, mtu anaweza kusema zilitoka wapi. Ukiikana, tapeli ndiye anakuwa mwandishi wa historia. Zimeshakuwa za Mjerumani hivyo!"

"Dada Emilia, mimi mwandishi wa historia simwogopi. Namwogopa mwenye sururu."

Sauti ya Emilia ikabadilika. "Sikiliza. Picha ni mali yako wewe uliyepiga. Lakini vitu vyenyewe ni vya kale, sheria inataka viripotiwe. Viripotini leo. Mtendaji wa kijiji, majirani, watu wengi kadiri mnavyoweza kuwapata. Kitu kinachojulikana kipo serikalini hakuna anayekichimba chini ya kitanda cha bibi."

"Na bibi atafungwa?"

"Anayejitokeza mwenyewe si sawa na anayefichuliwa. Nitawaarifu watu wa mambo ya kale waje. Wewe nenda."

Akaenda. Njia nzima hadi Kondoa alikuwa anahesabu vichwa kwenye kila gari lililowapita, akitafuta shati lililofungwa hadi kooni. Aliyekaa naye alimuuliza kama anaumwa, akajibu ndiyo, meno, kwa sababu alihitaji kisingizio cha kushika taya lisiendelee kutetemeka. Alimpigia mtendaji, Batholomeo, ambaye alimsikiliza, akakohoa, akasema yupo kwenye kikao cha maji, atafika "sasa hivi". Mwantum alizaliwa kijijini hapo. Aliijua sasa hivi ya Batholomeo. Iliwahi kuchukua masika mazima.

Bodaboda ilimshusha chini ya kilima. Alipanda akikimbia, kamera inampiga ubavuni. Uani palikuwa patupu. Mlango ulikuwa wazi.

"Bibi!"

Alichungulia ndani.

"Bibi Joha!"

"Unaniita kama nimekufa?" Bi Joha alitokea nyuma ya zizi, amebeba majani ya mbuzi kichwani. "Hata shikamoo huna?"

Mwantum alikaa chini papohapo, kwenye vumbi. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja na sukari?"

Alimweleza huku anahema. Bi Joha alisikiliza akiwapa mbuzi majani, na kila mbuzi aliyeinua kichwa alionyesha sikio lililokatwa pembe mbili, alama ya nyumba ile tangu enzi.

"Kumbe jina ndilo lililowaleta," alisema mwishowe.

"Si wewe uliyesema niliandike kubwa? Ulisema mbuzi asiye na alama ni wa kila mtu!"

"Nilisema mbuzi. Sikujua picha inakwenda malishoni mbali hivyo." Bi Joha akafuta mikono kwenye kanga. "Alama ni ya kumwambia jirani mbuzi huyu amrudishe kwa nani. Sasa wewe umemwandikia mwizi nyumba ilipo."

Na kweli, ilikuwa hivyo. Tapeli angeweza kuifuta ile alama, lakini aliiacha makusudi, kwa kuwa watu walipoiona imekatiza picha kama mhuri wa ofisi, waliamini.

"Bibi, tuzitoe kwa mtendaji."

"Haiwezekani."

"Bibi!"

"Mama yako alipozaliwa aliogeshwa kwa maji ya sarafu hizi. Wewe uliogeshwa kwa maji yake, ukalia mpaka mwezi ukaja kuchungulia. Mdogo wako Asma ana mimba, anajifungua karibuni. Mtoto wake nimtilie nini kwenye beseni, vifuniko vya soda?"

"Wakija na sururu..."

"Waje. Mimi nina mchi."

Alisema hivyo, lakini Mwantum aliona mkono wake umekwenda kwenye nguzo ya mlango na kuishika. Bi Joha alikuwa anaogopa. Mwantum hakuwahi kumwona bibi yake anaogopa, na kuona hivyo kulimtisha kuliko Obedi.

Mbuzi wote wakainua vichwa kwa pamoja. Chini ya kilima gari lilikuwa limezimwa.

"Hodi hapa," ilisema sauti ya adabu.

Walipanda wawili tu. Obedi mikono mitupu, Uwesu na sururu begani. Obedi alivua kandambili. Alipomwona Mwantum alisimama, akaitazama kamera, akamtazama bibi, akatikisa kichwa kama baba aliyekuta watoto wamekula sukari.

"Shikamoo mama," alimwambia Bi Joha.

"Marahaba. Hiyo sururu umekuja kunilimia?"

"Mama, sisi hatutaki ubaya." Alichuchumaa uani, mbele yao, na kwa karibu Mwantum akaona jasho limelowesha shati lile lote hadi kwenye kola. "Ila hatuwezi kurudi mikono mitupu. Mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu. Kuna mtu ameuza maksai wa kulimia. Wamesema nisirudi Zuzu bila rupia, na waliosema si watu wa utani."

Mwenye kutisha akiogopa, ogopa zaidi. Mbwa aliyebanwa ukutani hana pa kwenda ila mguuni kwako. Mwantum alitupa jicho njiani. Hakuna mtendaji. Uwesu alikwisha kuingia ndani bila kuambiwa karibu. Alisikika akigonga sakafu kwa mpini wa sururu, tu, tu, tu, akisikiliza penye uwazi chini.

Aliyesimama ni Bi Joha. Aliingia ndani, akampita Uwesu kama anavyompita kuku, akainama chini ya kitanda, akarudi na kibuyu. Akakipindua juu ya ungo uleule wenye ukingo mwekundu na mweusi. Sarafu nne zikaanguka, bila mlio wa maana.

"Hizo," alisema. "Nyumba yangu msiivunje."

Obedi aliingiza mkono mfukoni, akatoa wembe.

Mwantum alimvuta bibi nyuma yake. Obedi aliutoa wembe kwenye karatasi yake, akaufunga uzi katikati, akauning'iniza juu ya sarafu kwa uangalifu wa mtu anayevua samaki bwawani Mtera. Wote wanne wakautazama. Wembe ukazunguka kidogo kwa upepo, ukatulia. Akaushusha zaidi. Haukuvutwa.

"Hazivuti," alisema Obedi, na sauti yake ilikatika. "Hizi si zenyewe."

"Zenyewe ziko chini," alisema Uwesu mlangoni. "Hizi wametuwekea za kutuzugia. Pale karibu na mafiga panalia wazi." Akageuka, sururu ikapanda.

Baadaye Mwantum hakuweza kueleza alifikaje pale. Alijikuta amesimama juu ya mafiga, majivu yanamfika vifundoni, ncha ya sururu iko hewani juu ya kichwa chake.

"Picha ni yangu!" alipiga kelele. "Niliipiga mimi! Kwa mkono wangu, hapo uani, siku ya pili ya Idi! Zilizokuwepo ni hizo nne, na hakuna nyingine!"

Sururu haikushuka, lakini haikurudi pia.

"Asubuhi ulisema si yako," Uwesu alisema.

"Nilikuwa naogopa. Hata sasa naogopa, huoni? Kama picha si yangu, nitajuaje kwamba ya tatu imepasuka ukingoni? Nitajuaje kwamba ile ndogo ina tundu? Kwenye simu yenu havionekani, jina limevifunika, na yule mwizi ameikata picha. Mimi ninayo nzima!" Alikuwa anafungua kamera huku anaongea. "Njoo uone. Tazama."

Uwesu alisogea kwa kusitasita. Kwenye kioo cha kamera kulikuwa na ungo mzima, mkono wa Bi Joha wenye mikunjo, na sarafu nne, ya tatu imepasuka, ndogo ina tundu. Zilezile zilizokuwa uani.

"Sasa nipe unga, bibi."

Bi Joha akamletea ungo ndani, na konzi ya unga wa uwele. Mwantum aliinama kwenye ungo, akaipaka unga sarafu kubwa, akaufuta kwa kidole, kama alivyofanya siku ya Idi. Unga ukabaki kwenye mabonde ya herufi tu.

"Mjerumani aliandika hivi?" aliuliza. "Soma. Wewe ni wa kwetu, madrasa umepita."

Uwesu aliweka sururu chini ili ashike sarafu. Aliigeuza kwenye mwanga, midomo ikicheza, kama mtoto mbele ya ustadhi wake. "Ali," alisema. Akaipindua kidogo. "Ali bin... Hasani." Akamgeukia mwenzake. "Hii ni shaba, Obedi. Ni hela ya Waislamu wa zamani sana. Mjerumani hayumo humu."

"Hayumo?" aliuliza Obedi.

"Hayumo kabisa."

Obedi akakaa chini, matako vumbini, akafunika uso kwa mikono yake mikubwa. "Nimekwisha," alisema. "Nikiwaambia hivyo watasema hela nimekula na yule tapeli."

Ndivyo Batholomeo alivyowakuta. Alikuja na kikao chake chote cha maji, watu kama kumi na tano, yeye mbele na buti za mvua wakati wa kiangazi, amekunja uso tayari kwa ugomvi. Akakuta mwanamke juu ya mafiga, jitu linalia na ajuza anatafuta mchi wake.

"Nani mshtakiwa hapa?" aliuliza.

Mwantum alieleza mbele ya wote. Alisema sarafu zilifukuliwa wapi, shamba gani, na nani, na kwamba nyumba yao inazikabidhi leo zipokewe na watu wa mambo ya kale. Alilisema jambo la kukabidhi haraka haraka, bila kumtazama bibi yake. Bi Joha aliokota sarafu moja moja, akazifumba kiganjani.

Obedi alikuwa amenyanyuka. Alimfuata Mwantum pembeni, kichwa chini.

"Dada. Nahitaji picha. Mtendaji akizipokea, mama akiwepo, watu wote hawa wakiwepo. Nikaionyeshe Zuzu. Bila picha hawataniamini, na mimi nina watoto." Akaonyesha kamera. "Unaniruhusu kuitumia?"

Mwantum alimtazama mtu ambaye tangu asubuhi amemfanya asihisi miguu yake, na kicheko kikampanda, kibaya, cha nusu kilio.

"Leo unaomba ruhusa?"

"Naomba."

"Basi hukati hata kidole. Picha inakwenda nzima, na maneno yangu chini yake: sarafu za shaba za pwani, za kale, si rupia, si za Mjerumani, zimekabidhiwa, hapa Haubi hakuna kitu cha kuchimba. Unaipeleka kwenye kila kundi ulimoikuta ile nyingine. Na jina langu linakaa."

"Na namba?"

"Namba hapana!" alisema Bi Joha kutoka kule mlangoni.

Watu wakacheka. Mwantum hakucheka. Alijua ile picha ya kwanza bado inatembea, kwenye simu za watu asiowajua, mahali ambapo hii ya pili huenda isifike. Usiku huu angelala hapa, na kesho, na mlango ule ungepata komeo la chuma. Akamwambia Obedi ashike kanga nyeupe aikunjue juu, arudishe mwanga, maana jua lilikuwa linashuka nyuma ya kilima. Obedi akaishika. Ilitetemeka mikononi mwake, na mwanga ukatetemeka juu ya watu wote.

"Tulia," alimwambia.

"Na wewe kamera inacheza," alisema Obedi.

Batholomeo alinyoosha mkono, akausafisha kwanza kwenye suruali. Bi Joha aliuweka mkono wake juu ya ule wa mtendaji, umefumbwa, akauacha hapo. Mtendaji akangoja. Watu wa kikao cha maji wakangoja.

"Mama," Batholomeo alisema kwa sauti ya chini, "fungua basi."

"Nimesikia," alisema Bi Joha, na hakufungua.

Mwantum alipiga picha vivyo hivyo.